Kaunta kuukuu yenye taa za Nixie: jinsi ya kuifanya saa bila kuichinja

Katika stoo za maabara na karakana za zamani, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Kakamega, unaweza kukuta masanduku mazito ya kijivu ambayo hayajawashwa kwa miaka. Mbele yana soketi za BNC (soketi za duara za waya wa ishara), vifungo vya kuzungusha, na dirisha jembamba lenye taa sita au nane za kioo. Hizo ni kaunta za masafa, yaani idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde, vifaa vilivyopima redio, mitambo ya simu na mashine za viwandani kabla namba za LED na LCD hazijaenea kila mahali. Taa zake huitwa Nixie. Ukiziwasha jioni, namba hutokea kwa rangi ya chungwa, zikielea ndani ya kioo.

Watu wengi wanaotaka saa ya Nixie huchinja kifaa. Wanang'oa taa, wananunua saketi mpya ya kuziendesha, na mabaki yanapelekwa kwa muuza vyuma chakavu. Naomba usifanye hivyo. Ndani ya sanduku lile tayari kuna transfoma ya volti za juu, saketi za kuhesabu, saketi za kuwasha kila tarakimu, na chasi imara kuliko yoyote utakayochongewa. Kinachokosekana ili iwe saa ni namba sahihi tu, na namba hiyo inaweza kuingia kwa mlango wa mbele, kupitia waya mmoja wa BNC. Siku ukiihitaji kwa vipimo, unachomoa waya na kaunta inarudi kazini mara moja.

Nyuma ya kioo

Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilileta Nixie sokoni mwaka 1955. Ndani ya kioo kuna gesi, hasa neoni. Mbele kuna wavu mwembamba wa chuma, ambao ndio anodi. Nyuma ya wavu kuna vipande kumi vya chuma vyenye umbo la 0 hadi 9, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Hakuna uzi wa kupashwa moto. Ukiweka takriban volti 170 kati ya wavu na namba moja, gesi inayoizunguka namba hiyo inawaka. Mkondo ni mdogo, milliampia moja hadi tatu hivi. Ukisogeza macho karibu na kioo utaona namba zikisogea mbele na nyuma kadiri zinavyobadilika, kwa sababu kila moja iko kwenye kina chake.

Kaunta nyingi za mwisho wa miaka ya 1960 na za miaka ya 1970 zina mpangilio unaofanana kwa kila tarakimu. Chipu ya 7490 inahesabu kutoka 0 hadi 9, ya 7475 inashikilia namba isichezecheze, na ya 74141 inawasha kipande kimoja kati ya kumi. Za Kisovieti hutumia K155ID1 badala ya 74141. 7490 ya kwanza ikifika 9 na kurudi 0, inampa jirani yake wa kushoto pigo moja.

Shida yetu yote iko hapo. Kaunta inajua makumi peke yake. Baada ya 59 inaonyesha 60, na baada ya 99 inapanda kwenda 100. Saa haihesabu hivyo. Suluhisho lake ni hesabu ya darasa la nne, na tutaifikia baada ya kuhakikisha kifaa ni kizima.

Kutafuta na kuchagua

Taasisi za umma nchini Kenya huuza mali chakavu kwa zabuni au mnada, chini ya sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015. Fuatilia matangazo ya vyuo na hospitali za eneo lako. Pia zungumza kwa heshima na mtunza stoo: "Mzee, kitabu cha mashine hii bado kipo?" Kitabu cha huduma chenye michoro ya saketi kina thamani karibu sawa na kifaa chenyewe, na mara nyingi kiko kwenye droo ileile. Kwa mafundi wa jua kali na wauza vyuma wa Kibuye, Kisumu, uliza kabla hawajavunja kitu. Mtu anayetafuta shaba ya transfoma huanza na kifaa kama hiki.

Unachotaka kuona kwenye paneli ni neno TOTALIZE, COUNT, EVENTS au MANUAL kwenye swichi ya kazi, pamoja na kitufe cha RESET, cha kurudisha namba sufuri. Maana yake ni kwamba kaunta inaweza kuhesabu mapigo moja moja bila kikomo cha muda. Tarakimu sita ndizo zinazofaa zaidi kwa saa, dakika na sekunde. Nane pia zinafaa, ila zinahitaji riseti ya relei (swichi inayoendeshwa na umeme), kama nitakavyoeleza. Geuza kifaa uone nyuma. Kama kilitoka Marekani, tafuta swichi ya 115/230 na uhakikishe kibao kimeandikwa 50–60 Hz. Tikisa kidogo. Kioo kilichovunjika ndani utakisikia. Taa iliyoingia hewa haiponi, na kwa kuwa nyingi zina zebaki kidogo ndani, vipande vyake visishikwe ovyo na watoto.

Kuwasha mara ya kwanza

Usichomeke ukutani ili "kuona kama inawaka". Kapasita kubwa za usambazaji umeme zilizokaa miaka thelathini bila volti zimedhoofika, na ukizipa volti 240 za stima ghafla zinaweza kupasuka.

Fungua kifuniko kifaa kikiwa kimechomolewa. Ondoa vumbi kwa brashi laini, pamoja na viota vya mende na nyaya zilizotafunwa na panya. Angalia kapasita zilizovimba au zilizotoa majimaji. Angalia hasa zile kapasita ndogo za karatasi zilizofungwa kwa plastiki angavu, pale waya wa stima unapoingia. Zikiwa na nyufa, zibadilishe bila mjadala. Hizo ndizo hujaza nyumba moshi. Weka swichi ya nyuma kwenye 230, na uweke fyuzi ya thamani iliyoandikwa kwa 230, ambayo huwa nusu ya ile ya 115. Funga plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3, na upime kwa maltimita kwamba pini ya ardhi inafika kwenye chasi.

Sasa tengeneza taa ya kupimia: balbu ya nyuzi ya wati 60, ile ya kizamani na si ya LED, iliyounganishwa mfululizo na waya wa moto. Ukiwasha, balbu itamulika kwa nguvu kisha ipungue. Hiyo ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa ukamilifu, zima, kuna shoti mahali. Iache kaunta hivyo kwa dakika kadhaa, zima, iguse transfoma baada ya kuchomoa uone kama imepata joto, kisha rudia. Ukiridhika, toa balbu na uiwashe kwa stima kamili.

Reli ya Nixie, yaani njia ya umeme inayolisha taa, ina volti 170 hadi 200 za mkondo mnyoofu, na kapasita zinazihifadhi hata baada ya kuchomoa. Kabla ya kuingiza kidole ndani, pima kwa maltimita, na kama kuna kitu kimebaki, kitoe kupitia rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 yenye nyaya zilizofunikwa vizuri. Ukilazimika kupima kifaa kikiwa kimewaka, mkono mmoja ukae mfukoni na mwenzako awe karibu na swichi. Kwa mwanafunzi wa shule, kazi hii ifanywe na mwalimu au fundi.

Weka swichi kwenye CHECK au TEST. Kaunta itahesabu masafa ya kristali yake yenyewe (kipande kinachotetema kwa mwendo thabiti) na kuonyesha namba kamili, kwa mfano 1 ikifuatwa na sufuri. Namba ikikaa tuli, ubongo wa kaunta ni mzima. Tarakimu ikiwaka nusu, mara nyingi ni kipande chenye utando kwa kukaa bila kutumika, na kinaweza kuamka baada ya saa kadhaa za kuwaka. Tarakimu isiyowaka kabisa iangaliwe kwanza kwenye 74141 yake kabla ya kuilaumu taa.

Hesabu inayofanya kazi yote

Tuseme sasa ni 12:34:59. Kaunta inaonyesha 123459. Sekunde moja ijayo tunataka ionyeshe 123500. Tofauti ni 41. Basi kidhibiti chetu kitume mapigo 41 kwa haraka, na kaunta itaruka kutoka 59 hadi 00 bila jicho kuona safari. Saa ikitimia, kutoka 125959 kwenda 130000, tofauti ni 4,041. Sekunde za kawaida ni pigo 1.

Usiku wa manane ndio mtamu. Kutoka 235959 tunataka 000000, na kaunta haiwezi kurudi nyuma. Lakini kaunta ya tarakimu sita ikifika milioni moja inarudi sufuri yenyewe. Kwa hiyo tunachukua 1,000,000, tunatoa 235,959, na tunapata 764,041. Tuma mapigo hayo na siku mpya imeanza.

Kanuni nzima ni mstari mmoja: namba unayotaka, kutoa namba iliyopo, na jibu likiwa hasi ongeza milioni moja. Hakuna haja ya kuandika masharti ya "kama dakika ni 59". Na kwa sababu tunatuma idadi, wala si masafa, kristali ya kaunta haihusiki kabisa. Hata kama imepotoka kwa uzee, saa yako itakuwa sahihi.

Vifaa na nyaya

Unahitaji Arduino Nano au Uno (bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu), moduli ya saa ya DS3231, relei ndogo ya 5V ya aina ya reed, dayodi ya 1N4148, rezista ya omu 330 na waya wa BNC. Kama havipatikani mjini kwako, maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, huwa navyo na unaweza kutumiwa kwa basi.

Nimechagua DS3231 kwa makusudi. Ina kristali ndani yake na inajirekebisha kulingana na joto, hivyo kosa lake halizidi sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40. Hiyo ni takriban dakika moja kwa mwaka mzima. DS1307 ya bei ya chini hutegemea kristali ya nje isiyojirekebisha, na kwenye joto la Kisumu mchana na baridi ya Nakuru usiku utaiona ikipotea.

Kuna jambo moja kuhusu moduli ya DS3231 inayouzwa sana, ile ya bluu yenye nafasi ya betri ya duara. Bodi hiyo ina saketi ya kuchaji betri, dayodi moja na rezista moja ya omu 200. Betri ya CR2032 ya kawaida haichajiwi, na ikichajiwa inaweza kuvimba. Lehemua na uondoe dayodi au rezista hiyo kabla ya kuweka CR2032, au tumia LIR2032 inayochajiwa.

Unganisha SDA ya moduli kwenye A4 na SCL kwenye A5; hizo ndizo nyaya mbili za mawasiliano. Pini ya SQW iende kwenye pini ya 2, ukiwa umeiamuru DS3231 itoe pigo moja kwa sekunde, na uwashe rezista ya kuvuta juu ya ndani ya Arduino. Pini ya 8 ndiyo ya kutoa mapigo. Pitisha kwenye rezista ya omu 330, kisha kwenye pini ya kati ya BNC. Ngao ya waya iende kwenye GND, ardhi ya Arduino. Rezista hiyo si pambo. Baadhi ya kaunta zina ingizo la omu 50, na Arduino ikilazimishwa kutoa volti 5 kwenye omu 50 italazimika kutoa milliampia 100, zaidi ya mara mbili ya kikomo cha pini yake. Kama kaunta ina soketi ya omu milioni moja, tumia hiyo.

Kwa riseti, pima kwanza kitufe cha RESET kikiwa hakijabonyezwa na kikiwa kimebonyezwa, ujue kinafanya nini. Kisha unganisha mguso wa relei sambamba nacho. Relei inatenganisha Arduino na saketi za kaunta, kwa hiyo haijalishi kitufe kinaenda ardhini au kwenye volti fulani ya kigeni. Koili ya relei iende kwenye pini ya 7, dayodi ikiwa kinyume sambamba na koili kumeza mshtuko wa kuzimika. Hakikisha koili ina omu 250 au zaidi. Kaunta nyingine zina soketi ya riseti nyuma. Ukiipata, huna haja ya kufungua kifuniko tena.

Arduino ipewe umeme na chaja nzuri ya simu, wala isivutie volti 5 za kaunta. Reli hiyo ya zamani ina kazi ya kutosha kulisha chipu zake.

Kuweka paneli na kujaribu

Weka kaunta kwenye TOTALIZE, lango (sehemu inayoruhusu mapigo kuhesabiwa) likiwa wazi. Chagua DC badala ya AC, na uweke kiwango cha LEVEL, yaani volti ambayo pigo likiivuka linahesabiwa, karibu volti 2, katikati ya pigo la volti 5. Bonyeza riseti. Andika programu fupi inayotuma mapigo 1,000 na kusimama. Kaunta isome 001000. Irudie mpaka uamini. Ikisoma 1003 au 1007, waya unarudisha mwangwi na kaunta inahesabu pigo moja mara mbili. Weka kipunguzi cha ×10 kama kipo, fupisha waya, au sogeza LEVEL. Ikisoma pungufu, kiwango kiko juu mno au mapigo ni ya kasi kuliko kifaa. Usiendelee mpaka elfu moja iwe elfu moja, maana kosa dogo hapa litakuwa sekunde zilizopotea kila saa.

Kuna kaunta ambazo hazibadilishi namba wakati lango liko wazi. Zinaonyesha tu baada ya lango kufungwa. Kama yako ni hivyo, ruka hadi sehemu ya masafa.

Programu

Kazi ya programu ni hii. Pigo la SQW likija, soma saa kutoka DS3231. Zidisha saa kwa 10,000, dakika kwa 100, jumlisha sekunde. Tumia kanuni ya tofauti niliyoeleza, tuma mapigo, kumbuka namba mpya. Vigezo vyote viwe vya biti 32, kwa sababu kigezo cha kawaida cha Arduino huishia 32,767 na 764,041 haitaingia.

Amri ya kawaida ya kuwasha na kuzima pini ni nzito, inatoa takriban mapigo laki moja kwa sekunde, hivyo usiku wa manane utachukua sekunde saba au nane. Ukiandika moja kwa moja kwenye rejista ya bandari (sehemu ya chipu inayotawala pini), unapita laki tano kwa sekunde bila shida, na safari hiyo inaisha kwa sekunde moja na nusu. Baada ya safari ndefu, programu isome saa tena na kutuma tofauti iliyobaki. Kwa kaunta ya tarakimu saba au nane, acha kuzungusha. Funga relei kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kaunta irudi sufuri, kisha utume namba nzima.

Stima ikipotea, DS3231 inaendelea kwa betri yake. Umeme ukirudi, Arduino isubiri sekunde 30 kaunta itulie, ibonyeze riseti kwa relei, na itume saa iliyopo. Fanya riseti hiyohiyo mara moja katika kila saa, ila isiwe saa ikitimia. Friji ikiwaka au mchomeleaji wa jirani akianza kazi, cheche inaweza kuingia kwenye waya kama pigo la ziada. Kwa riseti ya kila saa kosa hilo halidumu.

Sasa jambo ninalolipenda kuliko yote. Saa hii si lazima isome saa za Kizungu. Nyumbani tunasema saa moja asubuhi, basi kaunta na iandike 01. Chukua saa ya DS3231 katika mfumo wa 24, ongeza 6, gawanya kwa 12 na uchukue baki. Baki likiwa 0, andika 12. Saa saba ya Kizungu asubuhi inakuwa 1, saa sita usiku inabaki 6, na jua likikaribia kuzama saa kumi na mbili jioni inaandika 12. Kanuni ya tofauti haibadiliki. Kutoka 125959 kwenda 010000 inatuma mapigo 884,041 yenyewe, saa moja asubuhi na saa moja jioni, na watoto watakusanyika kuliona dirisha likiyumba.

Mazoezi ya usiku

Katika saa, tarakimu ya makumi ya dakika haifiki 6 kamwe, na ya makumi ya saa haipiti 2. Vipande ambavyo haviwaki hufunikwa polepole na chembe za chuma zinazoruka kutoka kwa vile vinavyowaka, na baada ya miezi vinakuwa na mabaka. Tiba yake ni kuzungusha namba zote. Saa tisa usiku, programu iweke kaunta sufuri, kisha itume mapigo 111,111 kila baada ya sekunde tano. Dirisha litaonyesha 111111, 222222, 333333 hadi 999999. Pigo moja tu baada ya hapo linarudisha sufuri. Dakika kumi kila usiku zinatosha. Nukta za buluu zinazocheza ndani ya kioo ni zebaki, hazina neno.

Kama kaunta yako inapima masafa tu

Hapa unatuma masafa yanayolingana na saa. Moduli ya AD9850, chipu ya kutengeneza masafa, ina kristali ya megahezi 125 na inatoa masafa yoyote kwa hatua za takriban hezi 0.03. Neno la kuiamuru ni masafa mara 2 kwa kipeo cha 32, gawanya kwa 125,000,000. Ukiamuru hezi 123,450 na lango likiwa sekunde 1, kaunta inasoma 123450. Soma nne za kwanza kama 12:34, na ufunike mbili za mwisho kwa kipande cha kadi nyeusi. Ile 50 ya mwisho inaiweka namba katikati, ili mchezo wa pigo moja usiiguse dakika.

Ukitaka sekunde pia, unahitaji kaunta ya tarakimu saba au zaidi na utume 1,234,565 kwa ajili ya 12:34:56. Lakini sasa kosa linalokubalika ni hezi 4 katika milioni mbili na zaidi, chini ya sehemu 2 kwa milioni, na kristali za bei nafuu hupotoka kwa makumi. Iache kaunta ipate joto kwa saa moja, iamuru AD9850 itoe hezi 10,000,000, na usome. Ikisoma 10,000,230, badilisha ile 125,000,000 kwenye programu iwe 125,002,875. Haijalishi ni nani kati yao aliyepotoka. Inatosha wakubaliane. Hata hivyo joto la chumba litawasogeza, kwa hiyo kwa njia hii mimi napendekeza saa na dakika pekee. Kwa hizo, kosa la sehemu 23 kwa milioni halionekani kabisa.

Kihesabu cha mionzi cha maabara ya shule

Baadhi ya shule kongwe zina kihesabu cha mirija ya Geiger-Müller chenye taa za dekatron. Hizi ni za duara. Nukta ya mwanga inaruka hatua kwa hatua kuzunguka ukingo wenye namba 0 hadi 9. Ukiipata, umepata kito. Dekatron zilitumika hata kwenye kompyuta ya Harwell ya Uingereza ya mwaka 1951.

Onyo la kwanza: soketi ya mrija wa Geiger hubeba volti 400 au zaidi. Geuza kifungo cha volti za juu hadi sufuri na usiunganishe Arduino hapo kamwe. Tumia ingizo la mapigo la volti ndogo. Pili, dekatron za kawaida hazizidi mapigo elfu chache kwa sekunde, basi tuma 1,000 kwa sekunde na uonyeshe saa na dakika tu. Dakika mpya ni pigo 1, saa mpya ni 41, na usiku wa manane ni 7,641. Hiyo ya mwisho itachukua sekunde karibu nane, nukta zikizunguka kwa kasi tofauti, na hakuna haja ya kuiharakisha.

Mahali pa kuiweka

Kaunta ya aina hii inaweza kula wati 40. Kwa saa 24 ni karibu uniti moja ya stima kila siku, uniti 29 kwa mwezi. Mimi naiona saa ya jioni: taima ya ukutani iiwashe saa kumi na mbili jioni na kuizima mkilala, kwa kuwa itajipanga yenyewe kila ikiwashwa. Ukifanya hivyo, yasogeze mazoezi ya namba hadi dakika kumi za mwisho kabla ya kuzima.

Ukanda wa ziwa, Kisii na Kakamega una radi nyingi. Weka kinga ya mshtuko wa umeme kwenye soketi na uchomoe kila kitu mawingu yakijikusanya. Karibu na ziwa, wadudu hufuata mwanga na kuingia kwa matundu ya hewa. Weka chandarua laini ya nailoni juu ya matundu, kwa ndani, ila usiyazibe kwa kitambaa. Kifaa hiki kinahitaji kupumua.

Voltimita na osiloskopu

Voltimita ya Nixie inaendeshwa vivyo hivyo: volti 1.234 ni saa sita na dakika thelathini na nne. DAC (chipu inayogeuza namba kuwa volti) ya MCP4725 ina hatua 4,096. Ukiilisha kwa rejeleo la volti 4.096, kila hatua ni milivolti moja kamili, na dakika moja ni hatua moja. Hatua zake haziko sawasawa kabisa, hivyo pitia namba zote za saa mara moja, soma voltimita, na uweke jedwali la marekebisho kwenye programu.

Osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo) ya zamani iliyo na XY, ambapo volti mbili huipeleka nukta kushoto-kulia na juu-chini, inaweza kuchora uso mzima wa saa wenye mikono. ESP32, bodi nyingine ndogo kama Arduino, ina DAC mbili za biti 8 kwenye pini za 25 na 26. Moja iende X, nyingine Y, na nukta ichore duara na mikono makumi ya mara kwa sekunde. Punguza mwanga hadi pale unapoweza kusoma tu, na programu iusogeze mchoro kidogo kila dakika chache, kwa sababu nukta inayokaa mahali pamoja inaunguza kioo na alama yake haitoki.